Umeme Ukikatika: Joto, Unyevu na Mashine za Bitcoin Nyumbani, Butembo na Beni

Kaka yangu anayeishi Beni alinunua mashine ya kuchimba Bitcoin iliyokwisha kutumika. Kabla ya kumfikia ilikaa kwetu Butembo siku nne, ndani ya katoni, kwenye chumba cha nyuma. Pamoja nayo kulikuwa na karatasi moja ya maelezo kwa Kiingereza. Akanipigia simu: “Wewe ndiye mtu wa lugha katika familia. Nitafsirie hiyo karatasi, fundi wangu anasoma Kiswahili tu.”

Nilitafsiri kwa dakika ishirini. Kwenye mstari wa unyevu, karatasi ilisema mashine inavumilia unyevu wa hewa kuanzia asilimia 10 hadi 90, kisha likafuata sharti fupi. Sharti hilo nililiona kama pambo la kiufundi, nikaliacha. Tafsiri yangu ikasomeka hivi: “Unyevu: 10% hadi 90%.”

Sharti nililoliacha lilikuwa hili: bila mtonesho. Maana yake, hewa inaweza kuwa na unyevu mwingi, lakini unyevu huo usigeuke kuwa matone juu ya mashine. Mashine iliondoka Butembo asubuhi na mapema, ikafika Beni adhuhuri, ikatolewa kwenye katoni, ikachomekwa papo hapo. Haikumaliza saa moja. Fundi alipoifungua alikuta majimaji juu ya chuma na alama ya kuungua karibu na mahali umeme unapoingia kwenye ubao mmojawapo. Ubao huo, kati ya mitatu ya mashine ile, haukupona.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu mashine hizi kuliko nilivyosoma kuhusu tungo na ngeli. Nimegundua kwamba watu wengi wanaozifuga nyumbani huogopa joto kwanza, kisha umeme, na unyevu huukumbuka mwisho kabisa. Katika miji yetu mambo hayo matatu hayaendi mbalimbali. Yanakutana mahali pamoja: pale umeme unapokatika. Mashine inayofanya kazi hujikausha yenyewe. Mashine iliyozimika hupoa, hukusanya maji, kisha hungoja umeme urudi kwa kishindo. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, ili msomaji mwenye ndugu kama wangu asilipe ada niliyoilipa.

Kuchimba ni nini?

Hapa kwetu neno “kuchimba” humpeleka mtu moja kwa moja kwenye dhahabu na koltani. Mashine ya Bitcoin haichimbi kitu. Inakisia namba. Kila baada ya dakika kumi hivi, mtandao wa Bitcoin hufunga ukurasa mmoja wa daftari lake la malipo. Anayepata haki ya kuufunga ni yule ambaye mashine yake imegundua namba inayotimiza sharti fulani la kihesabu. Hakuna njia ya mkato: ni kukisia tu, mabilioni kwa mabilioni ya mara kila sekunde. Mshindi hupewa sarafu mpya. Tangu Aprili 2024 zawadi hiyo ni Bitcoin 3.125 kwa kila ukurasa, nusu ya ile ya awali. Kwa hiyo dunia nzima inagawana sarafu mpya zipatazo 450 tu kwa siku. Mwenye mashine moja hujiunga na kundi la wenzake, nao hugawana kile kidogo kinachopatikana kulingana na nguvu ya kila mmoja.

Sasa zingatia jambo moja la fizikia. Mashine hii haizungushi jiwe la kusagia, haipandishi maji, haitoi mwanga. Karibu umeme wote inaoula hutoka ukiwa joto. Antminer S9, iliyotolewa na kampuni ya Bitmain ya China mwaka 2016, inakula takriban wati 1,350. Antminer S19 ya mwaka 2020 inakula takriban wati 3,250. Fikiria pasi tatu za umeme zimewashwa katika chumba kimoja, mchana na usiku, na hakuna anayenyoosha nguo. Hiyo ndiyo S19.

Jirani yetu wa Luviro

Mfano mkubwa wa kazi hii hauko mbali na sisi. Mwaka 2020, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba Bitcoin huko Luviro, katika eneo la Lubero, kwa umeme wa bwawa lake lenyewe. Habari hiyo ilizunguka dunia mwanzoni mwa mwaka 2023, jarida la MIT Technology Review lilipotuma mwandishi kuja kuona. Watalii walikuwa wamekosekana kwa sababu ya vita na kisha kwa sababu ya Covid, na umeme wa bwawa jipya ulikuwa haujapata wanunuzi wa kutosha. Mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alieleza kwamba umeme uliokuwa ukipotea bure uligeuzwa kuwa fedha ya kuendesha hifadhi.

Kwa suala letu, funzo la Luviro liko katika mpangilio. Mashine zimepangwa kwa mamia ndani ya makontena ya chuma. Upande mmoja hewa baridi inaingia, upande wa pili feni kubwa zinaisukuma nje hewa ya moto. Umeme unatoka mtoni hatua chache tu kutoka hapo, nao umeandaliwa na mafundi wa bwawa lenyewe. Kwa maneno mengine, Luviro walizipeleka mashine kwenye umeme. Sisi majumbani tunafanya kinyume: tunaleta mashine ndani na kungoja umeme utufikie, kupitia nguzo, nyaya za majirani na viungo vilivyofungwa kwa mkanda. Shida nyingi nitakazozitaja zimezaliwa na tofauti hiyo.

Joto: ubaridi wa Butembo unadanganya

Mtu wa Butembo atasema, “Sisi tuko baridini, joto si shida yetu.” Ni kweli nusu. Mji wetu uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi tunavaa makoti ingawa tuko karibu sana na ikweta. Lakini mwinuko uleule unaotupa ubaridi unatupunguzia hewa. Katika Butembo, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo moja. Pwani ya bahari ingekuwa na kilo 1.2. Feni husukuma ujazo, lakini kinachobeba joto ni uzito wa hewa. Kwa hiyo feni ileile, ikizunguka kwa kasi ileile, hubeba joto pungufu Butembo kuliko Mombasa.

Watengenezaji wanalijua hilo. Katika karatasi za familia ya S19 kuna tanbihi inayosema kwamba kuanzia mita 900 hadi 2,000, kiwango cha juu cha joto la hewa ambalo mashine inaruhusiwa kufanya kazi hushuka digrii moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Fanya hesabu: Butembo inapoteza karibu digrii tatu. Beni, iliyo chini zaidi, inapoteza chini ya digrii moja, lakini hewa yake yenyewe ni ya moto zaidi. Kila mji una deni lake.

Tuendelee na hesabu kidogo, maana ndiyo inayoamua ukubwa wa tundu utakalotoboa ukutani. Tuseme una S19 moja na unataka hewa inayotoka iwe na joto la digrii 15 tu zaidi ya ile inayoingia. Kwa hewa ya Butembo unahitaji karibu mita za ujazo 800 kwa saa. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, kina mita za ujazo 22.5. Maana yake hewa yote ya chumba hicho lazima ibadilishwe kila baada ya sekunde 100 hivi. Ukifunga mlango na dirisha, na tukiacha hesabu ya kuta, hewa ya chumba ingepanda karibu digrii tisa kwa dakika. Kuta za matofali huchelewesha, haziponyi.

Kutokana na hesabu hiyo yanafuata mambo manne.

Kwanza, feni ya mezani inayopuliza ndani ya chumba kilichofungwa haipozi kitu. Inakoroga joto, kama mwiko unavyokoroga uji bila kuupoza. Hewa iwe na mlango wa kuingilia na mlango mwingine wa kutokea, navyo visikae upande mmoja wa nyumba. Pili, hewa ya moto isirudi ikavutwa tena. Wengi huweka mashine katikati ya chumba na kushangaa kwa nini inajizima. Isogeze karibu na ukuta wa nje na utengeneze njia ya bati au ya mbao isiyo na mianya, inayoipeleka hewa ya moto moja kwa moja nje. Tatu, usiiweke karibu na jiko la makaa au la kuni. Moshi una mafuta ambayo hunata kwenye mapezi ya chuma ya kupozea, vumbi likaja kushikamana juu yake. Nne, vumbi lenyewe. Wakati wa jua kali, vumbi jekundu la barabara huingia kila mahali. Safisha kwa brashi laini mara kwa mara, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, na zuia vile vipanga vya feni visizunguke unapopuliza.

Kuna jambo la tano ambalo si joto lakini linasafiri pamoja nalo: kelele. S19 hupiga karibu desibeli 75, sawa na mashine ya kufagia vumbi inayofanya kazi bila kupumzika. Mtoto hatalala, na jirani hatakusalimu.

Unyevu: hatari huanza mashine ikizimika

Hapa ndipo tafsiri yangu ilipoanguka, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tunaposema hewa ina unyevu wa asilimia 90, hatusemi kwamba sehemu tisa kati ya kumi za hewa ni maji. Tunasema hewa imebeba asilimia 90 ya maji ambayo ingeweza kuyabeba kwa joto lile. Hewa ya moto ina mfuko mkubwa, hewa baridi ina mfuko mdogo. Ukiipasha moto hewa bila kuiongezea maji, asilimia inashuka, kwa sababu mfuko umepanuka. Ukiipoza, asilimia inapanda mpaka 100, na hapo maji yanayozidi humwagika yakawa matone. Huo ndio mtonesho. Umande wa alfajiri kwenye majani ya migomba ni mtonesho. Jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ni mtonesho. Maji hayakutoka ndani ya chupa, yametoka hewani.

Sasa chukua jioni ya mvua Butembo: digrii 20, unyevu asilimia 90. Hewa hiyo ikiingia kwenye mashine inayofanya kazi na kupashwa hadi digrii 35, unyevu wake unashuka hadi asilimia 37 hivi. Ndani ya mashine mna ukame. Ndiyo maana mashine inayowaka mfululizo inaweza kupita msimu wote wa mvua bila kutu.

Kisha umeme unakatika saa mbili usiku. Feni zinasimama. Ndani ya muda mfupi chuma kinapoa na kufuata ubaridi wa chumba. Paa la mabati linapoteza joto haraka kuliko kuta, na kufikia alfajiri upande wake wa ndani unadondosha maji, hasa kama kuna watu wamelala humo au chakula kilipikwa humo. Asubuhi jua linatoka, udongo uliolowa unatoa mvuke, hewa ya vuguvugu yenye maji mengi inaingia kupitia lile tundu ulilolitoboa kwa ajili ya joto. Inakutana na kilo kadhaa za alumini ambazo bado zina ubaridi wa usiku. Chupa ya soda imetoka kwenye friji. Ndipo umeme unaporudi, na mashine inajiwasha yenyewe ikiwa imelowa.

Maji safi peke yake si mpitishaji mzuri wa umeme. Lakini maji yaliyokutana na vumbi na masizi huwa tope lenye chumvi, na tope hilo hupitisha umeme kati ya sehemu ambazo hazikupaswa kukutana. Ikiwa bahati ni nzuri, utaona ukungu wa kijani au mweupe kwenye miguu ya vipuri baada ya miezi. Ikiwa ni mbaya, utasikia mlio mmoja.

Kilichotokea kwa mashine ya kaka yangu ni jambo lilelile, ila barabara ilichukua nafasi ya usiku. Butembo na Beni zinatenganishwa na kilomita zisizozidi 60 za Barabara ya Taifa namba 2, lakini njia hiyo inashuka mamia ya mita. Mashine ilikuwa imelala kwenye chumba chenye digrii 16 hivi. Adhuhuri Beni ikiwa na digrii 27 na unyevu wa asilimia 70, chuma chochote kilicho chini ya digrii 21 kitatoa jasho. Katoni na sponji zilikuwa zimeutunza ubaridi wa Butembo njia nzima. Tulipoifungua tuliikabidhi kwa hewa ya Beni.

Dawa yake haina gharama. Kifaa kilichosafirishwa kutoka Butembo kwenda Beni kiachwe ndani ya katoni yake iliyofungwa kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, hadi kiwe na joto la chumba. Jasho, kama lipo, litatoka juu ya katoni na si juu ya ubao. Kwa mashine iliyokwisha kufungwa nyumbani, umeme ukikatika kwa muda mrefu, ziba matundu ya hewa kwa kifuniko cha mbao au bati ili hewa mpya yenye maji isiingie. Andika kwa herufi kubwa juu ya kifuniko: ONDOA KABLA YA KUWASHA. Umeme ukirudi, usiiwashe mara moja. Ondoa kifuniko, chunguza kwa tochi, gusa chuma cha nje, puliza kwa feni ya kawaida saa moja au mbili. Mashine isikae sakafuni bali juu ya meza ya mbao, isiguse ukuta unaovuja, wala isikae chini ya kiungo cha mabati. Usijaribu kuikausha kwa jiko la makaa: utaongeza masizi na kumwaga sumu ya hewa ndani ya nyumba.

Umeme: mashine isiyokubali kupungukiwa

Watu wa kwetu husema “courant imerudi” kwa furaha, na wana haki. Lakini umeme unaorudi si lazima uwe ule ulioondoka.

Tuanze na wingi. Gawanya wati kwa volti, utapata ampea. S19 kwenye volti 220 inavuta karibu ampea 15. Prizi ya kawaida ya nyumbani imetengenezwa kwa ampea 16. Utadhani inatosha. Tatizo ni kwamba prizi hiyo ilifikiriwa kwa ajili ya pasi inayowaka nusu saa, wakati mashine hii haipumzi. Kwa mzigo wa mfululizo, mafundi makini hawapiti asilimia 80 ya uwezo, yaani ampea 13 hivi. Basi S19 haifai kuchomekwa kwenye prizi ya kawaida, sembuse kwenye kirefusho cha sokoni chenye matundu sita. Inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu, wa milimita za mraba 4, na disjonkta yake yenyewe, ile swichi inayojikata mzigo unapozidi. S9, inayovuta ampea sita tu, inaweza kuvumiliwa na prizi nzuri yenye waya wa milimita za mraba 2.5.

Adui mkubwa ni kiungo kilicholegea. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.2 tu, kikipitiwa na ampea 15, hutoa joto la wati 45. Joto hilo linazidi la vyuma vingi vya kulehemea risasi, nalo limekusanyika mahali padogo kuliko ncha ya kidole, nyuma ya plastiki, ndani ya ukuta, usiku kucha. Nyumba huanza kuungua namna hiyo. Kwa hiyo baada ya saa moja ya kazi, gusa plagi kwa nje. Ikiwa vuguvugu, vumilia. Ikiwa huwezi kuishikilia, zima na uite fundi. Harufu ya samaki au ya plastiki iliyoungua karibu na prizi ni taarifa, usiipulizie manukato.

Jambo la pili ni upungufu. Balbu ya kizamani ikipata volti chache hufifia, basi. Mashine ya Bitcoin haifanyi hivyo. Kifaa chake cha kugeuza umeme hujitahidi kutoa wati zilezile, hivyo volti zikishuka, huvuta ampea zaidi. Kwenye volti 180, S19 ingetaka kuvuta ampea 18 badala ya 15. Kila mtaa unapowasha majiko jioni na volti zikaanguka, waya wako unapata moto zaidi. Watengenezaji huandika volti 200 hadi 240, na mpaka huo wa chini si ushauri wa adabu tu. Nunua kipimo cha volti, ukisome saa moja ya jioni kwa wiki nzima kabla ya kununua mashine. Kama mtaa wako hauifikii 200, jibu umelipata. Stabilaiza husaidia, ila iwe na uwezo unaozidi mzigo kwa mbali, na nayo pia hutoa joto.

La tatu ni kishindo cha kurudi. Umeme unaporudi, kila friji na kila pampu ya mtaa huamka pamoja, na volti hupanda na kushuka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kanuni ni fupi: umeme ukikatika, chomoa au shusha disjonkta. Ukirudi, ngoja dakika kumi. Kanuni hiyohiyo inakupa muda wa kuukagua unyevu. Na kwa kuwa mashariki ya Kongo ni kati ya maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani, ngurumo zikisogea, chomoa pia waya wa intaneti. Radi haiulizi ni njia ipi uliyoiacha wazi.

La nne ni waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Katika nyumba nyingi umeishia ndani ya ukuta bila kufika udongoni. Mashine yenye ganda la chuma, katika chumba chenye unyevu, bila waya wa ardhi, ni mtego kwa mtoto anayepita peku. Fundi na apime kama kweli unafika ardhini.

Na jenereta, ile tunayoiita groupe? S19 inakula kilowati-saa 78 kwa siku. Jenereta ndogo ya petroli hutumia karibu nusu lita kwa kila kilowati-saa, na mara nyingi zaidi. Hiyo ni kama lita 40 kwa siku, kila siku, ili kupata sehemu ndogo mno ya zile sarafu 450 za dunia nzima. Zidisha mwenyewe kwa bei ya petroli ya mtaani kwako. Na anayeiingiza jenereta ndani ili isiibiwe anawaingizia watoto wake hewa inayoua bila harufu.

Hesabu hiyohiyo ifanywe kwa umeme wa nguzo: zidisha 78 kwa bei ya kilowati-saa iliyo kwenye risiti yako, kisha linganisha na mapato halisi ya siku ya mashine ya aina hiyo. Luviro inawalipa kwa sababu umeme wao haukuwa na mnunuzi mwingine. Mwenye kununua umeme kwa bei ya nyumbani anaingia katika mbio hizo akiwa amebeba gunia.

Karatasi iliyotafsiriwa upya

Kaka yangu hakunikasirikia. Alisema tu, “Ndugu yangu, ungeniambia kwamba kuna neno hujalielewa, ningelingoja.” Maneno hayo yamenikaa kuliko lawama. Katika kitivo chetu tunajadili sana tafsiri za ushairi na za Biblia, na ni vyema. Lakini karatasi ya maelezo ya kifaa nayo ni matini, na msomaji wake anaweka fedha ya familia, na pengine nyumba, juu ya neno tulilochagua au tuliloliruka. Mfasiri asiyejua fizikia ya sharti moja anapaswa kuuliza kabla ya kuendelea. Nami pia nimejifunza kwamba Kiswahili hakikuwa na upungufu. Mtonesho limo kwenye vitabu vya sayansi, na umande limo vinywani mwa wazee wetu.

Niliitafsiri tena karatasi ile, safari hii nikiwa nimekaa na fundi. Imebandikwa ukutani Beni, juu ya mashine ambayo sasa inafanya kazi na mbao mbili. Inasema hivi:

Hewa iingie upande mmoja, itoke upande mwingine, isirudi.

Unyevu wa hewa hadi asilimia 90 unakubalika, mradi usitoneshe. Ukiona umande juu ya chuma, usiwashe.

Kifaa kilichotoka mahali pa baridi kingoje ndani ya katoni hadi kesho.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika kumi, chunguza kwa tochi, ndipo uwashe.

Volti zikiwa chini ya 200, zima.

Plagi isiyoshikika kwa mkono ni moto unaokuja. Zima, uite fundi.

Moto ukiwaka, shusha swichi kuu kwanza, tumia mchanga mkavu, usimwage maji.